Ngeli katika Jedwali la Maswali

Kiolesura ni neno ambalo sisi wa kitivo cha lugha tunalijua kutoka kamusi, lakini ni wachache wanaolitumia. Ni sehemu ya programu ambayo mtu anaiona na kuigusa: kitufe, kisanduku cha kuandikia, orodha ya kuchagua, ujumbe unaosema kazi imekwisha. Wenzetu wa informatiki wanapojenga programu ya tovuti, hutukumbuka siku mbili kabla ya kuitoa. Wanakuletea orodha ya maneno ya Kifaransa yaliyokatwa vichwa na mikia: Enregistrer, Suivant, Ajouter, Nouveau. «Tutafsirie haya, kaka, ni maneno arobaini tu.»

Chukua hilo la mwisho, Nouveau. Mpya, kipya, jipya, au vipya? Ukiuliza jipya ni nini, wanakujibu kwamba inategemea, kwa sababu neno lile lile litaunganishwa na mashine kwa jina la kitu chochote: mtumiaji, kitabu, jina, malipo. Hapo ndipo nilipoanza kupendezwa na namna mashine inavyounganisha, kuliko na maneno yenyewe.

Kuna namna mbili za kujenga kiolesura. Ya kwanza ni kuandika kila ukurasa kwa mkono, kitufe kimoja kimoja, kama fundi anayekata kila mguu wa meza kwa kisu chake. Ya pili ni kuandika kwanza modeli, yaani kielelezo kinachosema kuna vitu gani, kila kitu kina sifa gani, mtu anataka kufanya kazi gani na kwa mpango upi; kisha programu nyingine inasoma modeli hiyo na kuzalisha kurasa yenyewe. Ukibadili modeli, kurasa zote zinabadilika. Ndiyo maana wanaiita usanifu unaoongozwa na modeli.

Wazo hili si geni. Huko Milano, Stefano Ceri, Piero Fraternali na wenzao wa chuo cha Politecnico walitoa mwaka 2000 lugha ya michoro iitwayo WebML kwa ajili ya kueleza tovuti bila kuandika kurasa zake. Kutoka huko ilizaliwa IFML, ambayo shirika la viwango la OMG liliipokea mwaka 2013. Lakini kazi iliyonivuta mimi ni ya mwaka 2003, ya watu wa Grenoble, Louvain na Pisa, akina Gaëlle Calvary, Joëlle Coutaz na Jean Vanderdonckt, katika mradi wa Ulaya ulioitwa CAMELEON. Walipanga kiolesura katika ngazi nne. Juu kabisa ni kazi na dhana: mama anataka kuandikisha mtoto, mtoto ana jina na umri. Chini yake ni kiolesura dhahania: hapa patachaguliwa kitu, pale pataandikwa kitu, bila kusema kama ni kwa kidole au kwa sauti. Kisha kiolesura thabiti: hii ni orodha, hiki ni kitufe. Mwisho ni kurasa yenyewe inayoonekana kwenye kioo cha simu.

Mwanafunzi yeyote aliyekaa katika darasa la sintaksia atatabasamu. Tumefundishwa muundo wa ndani na muundo wa nje, jinsi Chomsky alivyouandika mwaka 1965, na jinsi sentensi moja ya ndani inavyoweza kutoka nje kwa sura mbalimbali. Sisemi kwamba ni jambo lile lile. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea kutafuta kilicho chini ya sentensi hatapotea katika michoro ya wahandisi hawa, na kwamba mahali petu si kwenye ngazi ya nne, ambako wanatutuma kila mara.

Niliingia katika mambo haya kwa mlango mdogo. Shirika moja dogo la hapa Lubumbashi lilikuwa linatayarisha uchunguzi juu ya maji ya nyumbani katika mitaa ambayo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Mwisho wa uchunguzi, nyumba zilizoandikwa zingepewa dawa ya kusafishia maji. Walitafuta mtu wa kutafsiri fomu yao kwa Kiswahili, nami nilikubali.

Fomu ile ilikuwa jedwali. Nataka msomaji alione, kwani ndilo modeli yenyewe. Kila mstari ni swali moja. Safu ya kwanza inasema aina yake: maandishi, namba, chaguo moja kutoka orodha. Safu ya pili ni jina la ndani ambalo mashine hutumia. Safu ya tatu ni maneno ambayo mtu ataona, na safu hiyo inaweza kurudiwa kwa kila lugha: moja ya Kifaransa, moja ya Kiswahili. Kuna safu ya sharti, inayosema swali lionekane lini: usiulize umri wa watoto kama hakuna watoto. Kuna safu ya mipaka: umri usipite mia na ishirini. Basi. Unalipakia jedwali kwenye seva, na dakika hiyo hiyo linakuwa kurasa ya tovuti na pia fomu ndani ya simu. Namna hii ya kuandika inaitwa XLSForm. Inatumiwa na ODK, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle mwaka 2008, na pia na KoboToolbox, ambayo mashirika mengi ya mashariki mwa nchi yetu yanaifahamu. Hakuna mstari hata mmoja wa msimbo ndani yake. Mtu anayejua kujaza jedwali la alama za mtihani anaweza kujenga kiolesura.

Taabu ilianza kwenye vyombo vya maji. Fomu ilimwomba mtu ataje vyombo vyake kimoja kimoja, kisha kwa kila chombo iliuliza swali lililotungwa na mashine. Kwa Kifaransa: Est-ce que votre, halafu jina la chombo, halafu est couvert, na herufi e katika mabano kwa ajili ya majina ya kike. Mabano yale yanatosha kwa Kifaransa, ambacho kina jinsia mbili tu. Sisi tuna mtungi wako umefunikwa, pipa lako limefunikwa, ndoo yako imefunikwa, chungu chako kimefunikwa. Hakuna mabano yatakayobeba hayo yote.

Rafiki yangu wa informatiki, aliyekuwa anasimamia seva, alinitazama nikihangaika.

«Kaka, unajisumbua bure. Hapa kwetu watu wanasema iko kwa kila kitu. Pipa iko na kifuniko? Chungu iko na kifuniko? Swali moja, kwisha.»

Ana haki, na hilo liliniuma kidogo. Kiswahili cha mitaani Lubumbashi kimepunguza upatanisho kiasi kwamba kinafaa mashine kuliko Kiswahili tunachoandikia mitihani. Mashine inaunganisha vipande bila kujua ngeli. Kijana wa Katuba naye anasema pipa iko, na hakuna asiyemwelewa. Je, mimi ni nani wa kuingiza ngeli ndani ya fomu ambayo itasomwa kwa sauti mbele ya mama anayesema iko?

Lakini fomu ile ilikuwa isomwe pia kwa macho, kwenye tovuti, na watu wa Kalemie na wa Bukavu. Na kuna jambo lingine, ambalo sioni haya kulisema: chombo kinachomwandikia mtu Kiswahili kibovu kinamwambia kwamba lugha yake ilifikiriwa mwisho. Tovuti ya Kifaransa ikiandika «la bidon», mwenye nayo ataona aibu.

Jibu lilikuwa ndani ya modeli. Katika XLSForm, orodha ya machaguo ni jedwali la pili, na mtu ana ruhusa ya kuongeza humo safu zake mwenyewe. Niliongeza mbili. Mbele ya mtungi niliandika wako na u. Mbele ya pipa, lako na li. Mbele ya ndoo na bidoni, yako na i. Mbele ya chungu, chako na ki. Kisha nikamwomba rafiki yangu aandike hesabu fupi inayochukua thamani hizo kufuatana na chombo kilichochaguliwa. Swali likawa na nafasi tatu: jina la chombo, kimilikishi, na kiambishi kilichobandikwa mbele ya -mefunikwa. Tulipoijaribu, kurasa ikaandika: Je, pipa lako limefunikwa? Rafiki yangu akacheka, akaandika chungu, kisha ndoo, kisha mtungi, kama mtoto anayewasha na kuzima taa.

Wala hatukulazimika kuchagua kati ya Kiswahili viwili. Viwango vya kimataifa vina alama ya sw kwa Kiswahili kwa jumla, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Tukaweka safu tatu za maneno: Kifaransa, sw, swc. Katika safu ya tatu, pipa iko na kifuniko? Anayeuliza anabonyeza lugha anayotaka, na jibu linaingia mahali pale pale. Hapo nilielewa ngazi za CAMELEON kuliko nilivyozielewa kwenye karatasi: dhana moja, sura tatu, na hakuna sura iliyo mtumwa wa nyingine.

Ningependa kuishia hapo. Ila kulikuwa na mstari wa nne.

Mstari wa nne uliuliza kama anayejibu ndiye chef de ménage. Nilikuwa nimetafsiri mkubwa wa nyumba, tafsiri ambayo hata leo siioni kasoro. Safu ya sharti ilisema: kama jibu ni hapana, uliza kama mkubwa wa nyumba yupo, kama hayupo, shukuru na ufunge fomu. Siku ya majaribio tulikwenda nyumba kwa nyumba. Mama mmoja, ambaye tulimkuta akifua, alijibu bila kusita:

«Bwana yangu eko Kolwezi, ku mine. Yeye njo mukubwa ya nyumba.»

Yupo? Hayupo. Fomu ikaandika asante na kujifunga. Bidoni zake zilikuwa pale pale, mbili zikiwa wazi, na mtoto alikuwa anachota maji kwa kikombe. Nyumba mbili mbele, jambo lile lile. Katika mtaa ambao wanaume wengi wako migodini, fomu ilikuwa inafunga milango ya wale wanaochota maji, wanaoyachemsha, na wanaowapeleka watoto hospitali wanapougua. Nyumba isiyoandikwa haipati dawa.

Hakuna safu ya lugha inayoponya ugonjwa huo. Ningeweza kutafsiri chef de ménage kwa maneno kumi, na fomu ingejifunga mara kumi. Kosa lilikuwa katika ngazi ya kwanza, ile ya kazi na dhana, ambako mtu fulani, mbali na hapa, aliamua kwamba kuna mtu mmoja ambaye ni mwenye nyumba, mwenye kujibu na mwenye kujua maji, wote watatu katika mwili mmoja. Na ubaya wa modeli ni kwamba inatii. Ukurasa ulioandikwa kwa mkono una makosa ya hapa na pale. Modeli inalirudia kosa moja kwa uaminifu kwenye kila kioo, katika kila lugha, kwa heshima na shukrani.

Tulimwandikia msimamizi wa uchunguzi. Nilipendekeza mistari mitatu badala ya mmoja: nani anajibu, nani anatunza maji ya nyumbani, nani anaitwa mkubwa wa nyumba, na fomu isijifunge kwa ajili ya yeyote kati yao. Kwa upande wa jedwali ni kazi ya dakika tano. Ilichukua siku tisa, kwani mfadhili alikuwa na hifadhi yake ya data huko kwake, na hifadhi hiyo ilikuwa na nafasi moja tu ya jina kwa kila nyumba, iitwayo chef de ménage. Barua zilikwenda na kurudi. Mwishowe walikubali mistari yetu mitatu kwenye fomu, kwa masharti kwamba jina la tatu ndilo litakaloingia katika hifadhi yao.

Nikifikiria barua zile, nakumbuka kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji. Humo anasoma vile vitabu vidogo vya msamiati ambavyo Wazungu walitungiwa ili waweze kuwaamuru wafanyakazi. Vilikuwa violesura pia, vya karatasi. Vilikuwa na nafasi kubwa kwa amri, na nafasi ndogo kwa jibu.

Tulirudi kwa yule mama, na fomu ikamaliza maswali yake yote. Je, bidoni yako imefunikwa? Alisema moja ndiyo, mbili hapana. Mwezi uliofuata dawa iligawiwa. Nilikuwa mezani pamoja na orodha iliyochapwa kutoka kwa mfadhili, na akina mama walipanga foleni, kila mmoja akitaja jina la mwanaume aliye Kolwezi au Fungurume, nami nikilitafuta kwa kidole. Mmoja hakukumbuka ni jina gani la mume wake alilokuwa ameandikisha, la Kikristo au la ukoo. Tulijaribu yote mawili.