Daftari la Manyovu

Julai 1998 nilipanda treni Dodoma kwenda Kigoma nikiwa na godoro la sufi lililofungwa kamba, sanduku la bati, na kaunta buku mpya yenye jalada gumu jeusi. Godoro lilikaa juu ya sanduku, sanduku likakaa mlangoni ambako kila apitaye alilipiga teke. Kaunta buku niliilalia kichwani usiku kucha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwinjilisti aliyetoka chuo cha Biblia juzi tu, na kanisa lilikuwa limenipangia Manyovu, mpakani na Burundi. Kurasa za kaunta buku nilikwisha kuzipigia mistari kwa rula: Jina. Umri. Atokako. Ubatizo. Ndoa. Watoto. Chuoni tulifundishwa kwamba mchungaji huanza kwa kuwahesabu kondoo, nami nilitaka kuanza vizuri.

Safari ile ilichukua siku mbili na usiku wake. Kwa Mgogo kama mimi, Saranda na Itigi ni nyumbani bado: vichaka, vumbi, kuku wa kuchoma wanaopitishwa dirishani. Baada ya Tabora miombo ikatumeza, wakaanza kuingia watu wa asali, na Uvinza wakaingia watu wa chumvi. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, wakati Burundi na Rwanda zilikuwa bado ndani ya koloni lao moja na Tanganyika. Mpaka niliokuwa naufuata uligeuka kuwa mpaka wa mataifa pale tu Wabelgiji na Waingereza walipogawana baada ya vita.

Mtu aliyekaa mbele yangu alikuwa Muha anayerudi kwao kutoka Morogoro. Nilipomwambia nimezaliwa Kimamba, ambako baba yangu alifanya kazi katika shamba la mkonge, akanitazama upya. "Basi wewe umekula makaburini kwetu," akasema, akacheka peke yake. Nilidhani ni utani, nami nikacheka.

Kutoka Kigoma nilidandia lori la mzigo kupitia Mwandiga. Barabara wakati ule ilikuwa ya udongo mwekundu, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyoongezeka. Migomba, kahawa, mikaratusi, vilima vimebanana kama watu kwenye foleni. Manyovu yenyewe, ambayo siku hizi iko Wilaya ya Buhigwe, ilikuwa bado chini ya Kasulu, makao makuu ya dayosisi yetu ya Western Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1966. Nilishuka nikiwa mwekundu tangu nywele hadi viatu.

Nilikuwa nikitegemea kuuona mpaka. Ukuta hivi, au japo waya. Mwalimu, yaani katekista aliyekuja kunipokea, mzee mkimya mwenye koti la sufu lililokatika mikono, alinyoosha kidole bondeni. Mwanamke alikuwa akipanda njia ya miguu na mkungu wa ndizi kichwani. "Kule alikotoka ni Burundi," akasema. "Hapa alipofika ni Tanzania. Pale katikati ameshapita." Burundi ilikuwa bado kwenye vita na chini ya vikwazo vya nchi jirani, biashara imepigwa marufuku, lakini ndizi hazikuwa na habari.

Jumatatu nikaanza kazi. Nilivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa, viatu vyeusi, kaunta buku kwapani, kalamu mfukoni. Mwalimu alinitazama toka juu hadi chini, akafungua mdomo, akaufunga.

Nyumba ya kwanza moto ulikuwa unawaka, chungu cha maharage kinatokota, na mtu hayupo. Tukasubiri. Maharage yakaanza kuungua, harufu ya mawese ikageuka kuwa ya moshi, hakuna aliyetokea. Mwalimu akainama, akakitoa chungu mekoni. Nyumba ya pili hivyo hivyo, tena kiti kilikuwa bado na joto. Ya tatu tulimkuta mtoto wa kike wa miaka saba au minane, amebeba mdogo wake mgongoni. Kabla sijasema neno alisimama wima kama yuko paredi ya shule.

"Shikamoo. Sisi ni Watanzania."

Mwalimu hakunieleza kitu mpaka jioni, tukiota moto. Mwishoni mwa 1997, miezi minane tu kabla sijafika, wanajeshi walipita vijiji vya mpakani wakiwakusanya Warundi wote waliokuwa wakiishi nje ya kambi. Kweli kulikuwa na waliokimbia vita ya 1993. Lakini walikuwemo pia waliokuja 1972, waliooa hapa, wakazaa hapa, wakazika hapa. Kiha na Kirundi watu husikilizana bila mkalimani, kwa hiyo kwa kumsikia tu mtu akisema huwezi kujua ni wa upande gani. Ilibidi kuuliza. Wanaume walipakiwa malorini kwenda kambi kama Mtabila, wakaacha wake Waha na watoto ambao hakuna ajuaye waandikwe wapi. Mtoto yule baba yake alikuwa Mtabila.

"Waliouliza," Mwalimu akasema, "walikuwa na daftari."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia asubuhi. Akasema mimi ndiye niliyetoka chuo.

Usiku ule nilisoma vichwa vya safu zangu kwa mwanga wa kibatari. Atokako. Nilikuwa nimeipa safu hiyo nafasi pana kuliko zote.

Asubuhi Mwalimu alinikuta nje na suruali ya mazoezi. Hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na fimbo mbili, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kupura maharage. Ndiyo kazi niliyoifanya kwa wiki mbili, nyumba hadi nyumba. Maharage yakishakauka huanikwa na maganda yake kwenye uwanja uliosiribwa, mnayachapa mkizunguka, punje zinaruka mpaka machoni. Viganja vyangu vilichubuka siku ya kwanza, na akina mama walinicheka wazi wazi. Nilijifunza kusalimia kwa kupiga makofi taratibu, mikono imekutanishwa, mwakeye, bila haraka ya kumaliza. Nilijifunza pia kula ugali wa muhogo, mweupe, unaonata kiasi cha kuukumbuka uwele wa nyumbani kwa machozi. Injili kwa kweli sikuihubiri sana. Sala fupi kabla ya chakula, basi. Ripoti ya mwezi niliyotakiwa kupeleka ilikuwa na nafasi ya idadi ya waliookoka, nami niliiacha wazi, jambo ambalo baadaye lilinipatia barua kali.

Wiki ya tatu tulifika kwa bibi mmoja aliyekaa mwisho wa kilima, peke yake na mbuzi. Tulipomaliza kupura alinipa kigoda, akaniuliza swali ambalo mimi nilikuwa nimeogopa kuliuliza.

"Wewe mjukuu wangu ni wa wapi?"

Nikasema Kimamba, kwenye mkonge.

Aliinuka, akaingia ndani, akakaa humo muda mrefu. Alirudi na kopo la bati. Ndani, chini ya hirizi ya zamani na shanga, alitoa kadi iliyogeuka rangi ya tumbaku. Kipande. Nilikitambua kwa sababu baba alikuwa navyo: vyumba 30 vidogo, kila siku ya kazi chumba kimoja kiliwekwa alama, na mtu hakulipwa hadi vyote vijae. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi manamba, watu waliochukuliwa kwa malori kutoka huku Buha, wakapewa namba. Namba yenyewe ilikuwa bado inasomeka pembeni.

Mumewe alikuja nayo kabla ya Uhuru, akiwa mgonjwa. Alipopata nafuu akarudi mkongeni kutafuta pesa ya kodi, na hakuonekana tena. Bibi aliweka kidole chake kwenye chumba cha kwanza, akahesabu kwa Kiha polepole, mpaka mahali alama zilipoishia. Kumi na tisa.

"Hizi alizifanya," akasema. "Hawakumlipa, kwa kuwa haikujaa. Mwalimu anasema wewe una daftari."

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa akichambua ganda la haragwe kwa makini sana.

Nilishuka kilima, nikapanda tena na kaunta buku. Bibi akanitajia jina la mumewe, la baba yake, na namba, kisha akanisogelea aone kalamu inavyokwenda. Safu ya Atokako niliiruka. Kwenye safu ya Watoto, kwa kuwa hapakuwa na nyingine iliyobaki, niliandika: siku 19, hazijalipwa.