Kutoka Forodhani hadi Michenzani



Mwezi wa Agosti 2022 nilijaaliwa kuwapeleka watoto wangu Unguja kwa mara ya kwanza. Wote wawili wamezaliwa hapa Uingereza; mkubwa, mwanamume, alikuwa na miaka kumi na mitano, na nduguye wa kike kumi na mmoja. Kabla hatujaondoka, mama yangu aliniita kando akaniambia, "Usiwajaze watoto mambo ya ule mwaka." Nikamwahidi. Ahadi hiyo haikudumu siku mbili, kwani mtoto mwenye macho hapiti katika mji ule asiulize.

Tulianzia Forodhani. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, tulilikuta limezungushiwa mabati. Upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na mnara wa saa, likiwa katika matengenezo yaliyogharimiwa na Oman. Watu wawili walifariki dunia. Mwanangu akataka kujua kama ni bomu. Nikamwambia la, hili limeanguka kwa uzee, ila mabomu nayo yamewahi kupita hapa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa kuwa Sayyid Khalid bin Barghash alikuwa ameketi kitini pasipo ridhaa yao. Vita vile havikutimia hata saa moja, na upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, Waingereza wakamweka Sayyid Hamoud, na mwaka uliofuata Hamoud akatia saini amri ya kuiondolea sheria hadhi ya utumwa. Kijana akanitazama: "Sasa hao Waingereza walikuwa wabaya au wazuri?" Maskini, hiyo ilikuwa siku ya kwanza tu.

Wazee wetu wanapomtaja Barghash hawaanzii na jumba, huanzia na maji. Katika ujana wake alipelekwa uhamishoni Bombay, akaona miji inavyoendeshwa, na alipotawala akayaleta maji ya chemchem hadi mjini, watu wakachota bila malipo. Nililisimulia hili kwa fahari. Kisha tukafika Mkunazini, penye kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash huyo huyo aliutia saini kwa kushurutishwa na Waingereza. Binti yangu alisimama kimya mbele ya sanamu za watu waliofungwa minyororo. Hakuniuliza neno, nami sikuwa na fahari nyingine ya kusimulia asubuhi ile. Karafuu zilizojenga majumba yale zilichumwa na mikono ya watu hao, na hapa ugenini huwa hatulisemi hilo tunapokutana katika arusi na kukumbushana uzuri wa zamani.

Jioni tulipita Makusurani, kando ya kasri, alikolala Sayyid Said bin Sultan pamoja na baadhi ya wanawe. Niliwaambia watoto kwamba sultani wa mwisho, Sayyid Jamshid, hayumo humo. Aliondoka kwa meli yake Januari 1964, Mombasa hakuruhusiwa kushuka, akafikia Dar es Salaam na kisha Uingereza, akaishi Portsmouth zaidi ya nusu karne. Mwaka 2020 ndipo alipokubaliwa kwenda Oman. Siku ile tuliposimama pale alikuwa angali hai; alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024. Mtu aliyetawala miezi sita tu, na hao nduguze walioishi nje ya nchi maisha yao yote, nusu yao ndio sisi tusomao gazeti hili.

Kutoka hapo tulivuka Darajani. Daraja halipo, na hori iliyoigawa Mji Mkongwe na upande wa pili imefukiwa zamani, lakini upande ule mpaka leo unaitwa Ng'ambo. Huko ndiko anakokaa khalati yangu, mdogo wake mama, katika yale majumba marefu ya Michenzani aliyoyajenga Mzee Karume.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wenu mnalo katika nyumba zenu. Mama yangu aliolewa na mtu mwenye shamba la mikarafuu. Khalati aliolewa na kuli wa bandarini, mwanachama wa Afro-Shirazi, aliyekuwa akikaa Ng'ambo katika kibanda cha udongo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 mmoja alipoteza kila kitu, na mwingine, miaka michache baadaye, akapewa ufunguo wa nyumba yenye umeme na bomba. Maelfu waliuawa katika siku zile, na idadi yao ingali ikibishaniwa. Baba yangu alinusurika, akaondoka na mama. Dada wawili hawakuonana tena kwa miaka ishirini na mitatu. Mmoja huyaita mapinduzi, mwingine huyaita mavamizi. Na wakizungumza wao kwa wao husema "ule mwaka" tu, kama mama alivyoniambia mimi.

Khalati alitupeleka mwenyewe Kisiwandui, alikopigwa risasi Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972 na ndipo alipozikwa. Aliomba dua kwa kirefu. Aliporudi kwetu akamwambia mwanangu, "Huyu ndiye aliyesema mtoto wa kila mtu asome bila ya kulipa. Mimi wanangu wote wamesoma." Kisha, bila ya kuulizwa, akaongeza kwamba zama zake pia mlango ukibishwa usiku mtu hujua huenda asirudi. Kassim Hanga na Othman Sharif, wenzake katika chama, waliuawa mwaka 1969 pasipo hukumu ya mahakama. Sijapata kumsikia mtu wa huku kwetu akiyasema yote mawili kwa pumzi moja. Sisi tumezoea nusu.

Siku ya nne nikawapeleka shamba, upande wa Mwera. Baada ya mapinduzi ardhi ilitaifishwa ikagawiwa eka tatu tatu, na la baba liligawiwa hivyo. Tulimkuta mzee mmoja ameketi barazani. Nilipomtajia jina la baba yangu aliinuka, akanitazama muda, akauliza, "Mmekuja kulidai?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo tangu utoto wangu, wala sikuwahi kudhani kwamba ningeulizwa kwa sauti ya woga. Nikamwambia tumekuja kutazama tu. Akaagiza madafu. Eka zile tatu alipewa baba yake. Yeye amezigawia wanawe, nao wamejenga, na mikarafuu niliyosimuliwa tangu utotoni imebaki michache nyuma ya choo. Binti yangu aliokota tawi lenye majani, akayanusa, akalitia mfukoni. Mzee akatusindikiza hadi barabarani. Njiani kijana akaniuliza swali nililokuwa nikilikimbia: "Baba, sisi tulikuwa upande gani?" Nikamjibu kwamba bibi yake yuko upande mmoja na khalati yuko upande mwingine, na sote tutakula kwa khalati usiku huu.

Wiki ile maji hayakuwa yakipanda ghorofani. Ilitubidi tuyateke chini kwa ndoo na kuyapandisha hadi ghorofa ya nne, na watoto waliifanya kazi hiyo kwa zamu, wakihesabu ngazi kwa Kiingereza. Khalati alicheka, akasema Sayyid Barghash angeliona haya. Mama akapiga simu kutoka Uingereza. Nilidhani atauliza habari za shamba. Aliomba azungumze na nduguye, nami nilisikia upande mmoja tu wa maneno yao:

"Wamekwenda, naam. Wamerudi salama. La, hakuwafukuza, amewapa madafu. Usilie, dada. Usilie. Subiri nikupe mwanao, ndoo inanimwagikia."

Tawi lile la mkarafuu limo ndani ya kitabu chumbani kwa binti yangu, majani yake yamekuwa ya kahawia. Mama amelinusa mara moja, akalirudisha kitabuni.