Kuwaza Ndani ya Ploti

Dandora, mtaa wa Nairobi, ilianza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000 hivi, kila kimoja na choo, bafu na mfereji, vyumba mwenyewe ajijengee kadiri ya mfuko wake. Wenye viwanja wakajenga, kisha wakapangisha chumba kimoja kimoja. Hiyo ndiyo ploti. Foleni ya choo asubuhi, redio ya jirani, mtoto wa jirani, ugomvi wa jirani. Aliyekulia humo akisema anataka kukaa peke yake awaze, huulizwa kama anaumwa.

Ndiyo maana nazirudia nyimbo za kundi la rap la Kalamashaka. Kama, Johny na Roba ni watu wa Dandora, na "Tafsiri Hii" ilipotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, stesheni mpya za FM jijini zilikuwa zimejaa Wamarekani. Wao wakaja na Kiswahili cha mtaani juu ya mdundo wa polepole, wenye vitu vichache, maneno yakitoka kama mtu anayehesabu chenji ya mwisho. Albamu yao, Ni Wakati, ikafuata mwaka 2001. Wengi huisifu kwa siasa zake, na wana haki. Mimi hunishika zaidi ule utulivu wa kutotaka kujaza kila pengo.

Vitabu vya kujiendeleza vinavyotandazwa kando ya barabara mjini hutuambia tujitenge, tuzime simu, tujiulize sisi ni nani. Ushauri mzuri kwa mwenye chumba cha ziada! Kalamashaka walikuwa watatu, mmoja akimaliza mwenzake anapokea, na ukiwasikiliza unaona kwamba mtu wa Dandora akijichungulia ndani anaukuta mtaa mzima umeshakaa. Hata jaa la taka la hapo Dandora limo. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka ule ule wa albamu, na malori yakaendelea kumwaga.

Hata mimi, nilipokaa bila kazi, nililibeba jambo hilo kama aibu yangu binafsi, la kufichwa nyuma ya pazia. Kisha nikawa nauliza pale mferejini: wewe je, na kaka yako? Karibu kila mlango ulikuwa na mtu wake. Kazi haikuja kwa kuuliza, lakini usingizi ulirudi, na hasira ikapata pa kuelekea.

Nao vijana wa rap waliokusanyika kwa Kalamashaka huko Dandora, Juliani akiwemo, walijiita Mau Mau Camp, wakaungana na kundi la Ukoo Flani la Mombasa. Kilio cha Haki, albamu yao ya 2004, ina sauti nyingi mno kwa sikio langu. Wengine hata siwatofautishi. Bado huisikiliza yote. Sijui ni nani kati yao ningemwambia anyamaze.