Kutoka Buzuruga hata Kigoma kwa Gari la Moshi

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo ukizitazama kwa haraka utadhani zagombana. Ya kwanza yasema, "Kawia ufike." Ya pili yasema, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Mtoto wa shule akiulizwa ipi kati ya hizo ndiyo kweli, hujikuna kichwa. Nasi walimu tukiulizwa na watoto, desturi yetu ni kujibu kwamba kila moja ina mahali pake, kisha twaendelea na somo bila kueleza mahali penyewe ni wapi. Katika likizo ya Desemba tulipata nafasi ya kulifikiri jambo hili kwa siku nyingi, maana tulisafiri walimu watatu kutoka Buzuruga hata Kigoma kwa gari la moshi, tukishuka njiani na kupanda tena, kila mtu na shanta lake mgongoni. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu tuliyoyaona, na tuliyoyafikiri.

Sisi wa Buzuruga tumezoea barabara kuliko reli. Njia kuu iendayo Musoma yapita kwetu, na tangu alfajiri husikika sauti za wapiga debe wakiita abiria. Kwa hiyo jirani zetu waliposikia kwamba twaenda stesheni walistaajabu. Mmoja akatuuliza, "Walimu, mtu mwenye nauli ya basi apanda treni kutafuta nini?" Tukamjibu kwamba twatafuta mambo mawili. La kwanza ni kuona kwa macho yetu nchi ile tunayoichora ubaoni kila mwaka. Maana mwalimu anayefundisha habari za Tabora bila kukanyaga Tabora hufanana na mpishi anayesifu chakula asichokionja. La pili ni kwenda polepole kwa kusudi, kulala mahali, kuzungumza na wenyeji, na kuondoka tunapokuwa tayari.

Jambo hili si geni duniani. Huko Ulaya tikiti iitwayo Interrail ilianza kuuzwa mwaka 1972, ili vijana wapate kuzunguka nchi nyingi kwa gari la moshi kwa muda wa mwezi mmoja. Hata leo wako wasafiri wanaobeba mashanta yao wakati wa baridi, wakashuka kusini, Hispania, Italia na Ugiriki, wakipita mji baada ya mji bila haraka, kwa kuwa wakati huo wageni ni wachache na vyumba ni rahisi. Sisi hatuna theluji. Wakati wetu mgumu ni wa mvua, nao ndio tuliousafiria.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wadachi. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kuja kwetu Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza. Kutoka Mwanza hata Tabora ni karibu kilometa 380, na kutoka Tabora hata Kigoma ni zaidi ya kilometa 400. Upana wa njia yenyewe ni meta moja tu kati ya chuma na chuma. Watu wengi bado huliita gari la moshi, ingawa siku hizi lavutwa na mashine ya dizeli wala halili kuni; nasi twalipenda jina hilo, kwa hiyo tutalitumia.

Tulikaa daraja la tatu. Chini ya viti palijaa magunia ya dagaa wakavu, ndoo, majembe mapya, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu ambaye hakujua usiku wala mchana. Gari lilipotoka mjini tuliyaaga majabali ya Mwanza, na kidogo kidogo nchi ikalala, ikawa tambarare. Tukapita Fela, Mantare, Bukwimba na Malya. Njiani tuliona tuta la reli mpya, iliyo pana zaidi, ambayo kazi yake kati ya Mwanza na Isaka ilianza mwaka 2021. Tuta hilo laenda nyoofu kama mstari wa rula, na reli ya zamani yapindapinda karibu yake kama ng'ombe arudiye zizini.

Malampaka tulishuka, tukalala usiku mmoja. Asubuhi kikongwe mmoja alitusalimu, "Mwangaluka," akatuuzia michembe na karanga. Alipojua kwamba sisi ni walimu alituuliza swali moja tu: "Je, mtoto akijua kusoma, atakumbuka kulima?" Tulikaa naye saa nzima juu ya swali hilo. Basi la Shinyanga lisingalitupa saa hiyo.

Kutoka Shinyanga tulipanda tena jioni. Ndani ya behewa alikuwako mzee mmoja wa Bukene, Mnyamwezi, na mama mmoja Mzaramo mwenye biashara ya vitenge. Mara walipotambuana kabila, utani ukaanza. Mama akasema, "Babu, shuka utembee, ninyi si mlizoea kwenda pwani kwa miguu?" Mzee akamjibu, "Tulikwenda kwa miguu tukawaletea pembe na nta, nanyi mkatulipa kwa maneno matupu. Nipe kitenge kimoja, deni liishe." Behewa zima likacheka. Wasomaji wajua kwamba utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ulikua katika njia ya misafara, mapagazi walipochukua mizigo kutoka Unyanyembe hata Bagamoyo, safari ya miezi mitatu au zaidi. Kisha mzee akaacha mzaha, akatuambia, "Wanangu, chuma hiki kimelazwa karibu na nyayo za babu zetu. Wao walihesabu safari kwa visima, ninyi mwahesabu kwa stesheni." Maneno hayo mmoja wetu aliyaandika papo hapo.

Tulipopita Isaka, mahali panaposhushiwa mizigo iendayo Rwanda na Burundi, mvua ilianza. Haikuwa mvua ya kuchezea. Yapata saa sita ya usiku gari lilisimama porini, baina ya vituo viwili. Tulichungulia dirishani tukaona taa zikitembea chini: watu wa gari walikuwa wakikagua njia, maana maji yalivuka juu ya mataruma. Tukaambiwa kwamba hatutaondoka mpaka maji yapungue na udongo upimwe. Hapana aliyenung'unika sana, kwa kuwa kila mtu aliona kwamba kukaa ni afadhali kuliko kuanguka. Reli hii imewahi kupata msiba wa maji: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliikata baina ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi.

Lakini katika behewa letu alikuwamo mama kijana na mtoto wa miaka miwili. Mtoto huyo alikuwa na homa tangu Shinyanga, na sasa mwili wake uliwaka. Mama alikuwa akienda Tabora kwa dada yake, apate mtu wa kumsaidia hospitalini. Mara nne alituuliza, "Mwalimu, tumefika wapi?" Na mara nne jibu letu lilikuwa lile lile, kwamba tupo pale pale. Mmoja wetu alipita behewa kwa behewa akiuliza kama yuko mganga au muuguzi, akampata muuguzi mstaafu katika daraja la pili. Bibi huyo alikuja bila kukawia. Alimvua mtoto nguo nzito, akampangusa kwa kitambaa kilicholowa, akamnywesha maji kidogo kidogo kwa kijiko, kisha akatuita pembeni akasema, "Hii yaonekana kuwa malaria, lakini bila kupima siwezi kuapa. Asifike adhuhuri bila dawa."

Tuliketi hata alfajiri. Mama Mzaramo alitoa kitenge kipya, akamtandikia mtoto. Mzee wa Bukene alishika taa. Usiku ule yule mama kijana alisema neno ambalo hatutalisahau: "Ningalikuwa na nauli ya gari dogo, nisingalikuwa hapa." Hakulisema kwa uchungu, alisema kama mtu atajaye bei ya chumvi. Nasi tuliokuwa na nauli ya gari dogo, tukaacha kuitumia kwa hiari yetu, tulinyamaza. Kwenda polepole kwa mtu aliyechagua ni raha. Kwenda polepole kwa mtu asiye na la kuchagua ni mzigo, na uzito wake haupunguzwi na sifa zetu.

Saa kumi na moja gari likaanza kutambaa, kwa mwendo wa mtu atembeaye, likavuka mahali penye maji. Jua lilikuwa limepanda kidogo tulipofika Tabora. Tulimchukulia mama furushi lake, tukampakia pikipiki pamoja na mtoto, na mmoja wetu akafuata kwa nyingine. Kesho yake jioni tulikwenda kuwatazama. Mtoto alikuwa ameketi kitandani akinywa uji, akatutazama kwa hasira kama watoto watazamavyo watu wanaowaamsha. Ilikuwa malaria kama bibi alivyodhani, nayo ilikuwa imeanza kushindwa.

Tabora tulikaa siku tatu. Tulikwenda Kwihara, penye tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, tangu Machi hata Agosti, akiwangoja watu aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Karibu miezi sita ya kungoja! Tuliitazama pia shule ya Tabora, aliyosoma Julius Nyerere, na tukakumbuka kwamba baadaye alifundisha katika mji huo huo, katika shule ya St. Mary's. Baadhi yetu tulikuwa tumewafundisha watoto miaka hiyo kwa kuikaririsha tu. Tangu sasa tutaweza kuwaambia jinsi udongo wa pale ulivyo mwekundu, na jinsi miembe inavyotia kivuli.

Kutoka Tabora njia yaelekea magharibi: Urambo, alikotawala Mirambo, kisha Kaliua, kisha bonde la Malagarasi lenye mabwawa na ndege, kisha Uvinza. Mahali hapo chumvi imepikwa kutoka katika chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja, tena watu walitoka mbali kuifuata. Mwisho wa reli ni Kigoma, na ziwa Tanganyika likatokea ghafula chini ya vilima. Sisi wa ziwa Victoria tulinyamaza kidogo, maana kila mtu hudhani ziwa la kwao ndilo ziwa.

Kigoma mzee wa bandarini alitusimulia habari za meli Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa makashani, ikaletwa Dar es Salaam baharini, kisha hata Kigoma kwa reli hii hii, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wadachi wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena. Tulipolisikia jambo hilo tuliona jinsi njia nyembamba ya meta moja ilivyoweza kubeba meli nzima, kwa sababu tu haikuwa na haraka.

Sasa twarudi kwenye methali zetu. Nchi yetu imeanza kwenda mbio, nasi hatuoni ubaya. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yaenda Dar es Salaam hata Dodoma kwa saa zisizozidi nne. Huku kwetu, daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025. Aliyewahi kungoja kivuko pale, naye ana mgonjwa garini, hahitaji mwalimu wa kumfundisha maana ya daraja hilo. Kwa mgonjwa, kwa mzazi, kwa mkulima mwenye nyanya zinazooza, mwendo wa upesi ni huruma. Hapo ndipo mahali pa "Chelewa chelewa."

Lakini mtu mwenye afya na siku za kupumzika, aliyekuja kujifunza nchi na watu wake, huyo na akawie ili afike. Asipokawia atafika kwa miguu, na moyo wake utabaki nyuma. Tena akiisha kufika asiwadharau wanaotaka kwenda mbio, wala asiwaambie watu maskini kwamba taabu yao ni hekima. Na amwachie mwenzake nafasi ya kuketi, amsaidie kubeba furushi, aulize kama yuko muuguzi.

Walimu wenzetu, likizo ijayo msikae nyumbani mkisahihisha madaftari yaliyokwisha kusahihishwa. Chukueni shanta, blanketi na kalamu. Shukeni katika stesheni msiyoijua, mkaulize wazee walihesabu safari kwa nini. Kisha mwaka ukianza, mtoto akiwauliza ni methali ipi iliyo kweli, mtakuwa na la kumjibu.