Besi ya Suzi Quatro

Mjukuu wangu, binti mwenye akili na masomo mema, aliniletea juzi picha ya mwanamke aliyevaa vazi la ngozi nyeusi, gitaa kubwa limemning'inia kifuani, akaniuliza kama yule alikuwa mwonyesha mavazi aliyeshikishwa ala ile kwa ajili ya kupigiwa picha. Sikumlaumu mtoto, maana hakuwapo. Lawama yangu ni kwa waandishi wa siku hizi, ambao kila wamtajapo Suzi Quatro huanza na ngozi na kuishia kwenye ngozi, hata ikawa mtu asiyepata kumsikia hana njia ya kujua kwamba mwanamke yule alikuwa mpiga besi, tena hodari, na kwamba kabla yake umma wa Uingereza haukuzoea kumwona mwanamke akiwaongoza wanaume katika muziki wa roki, ilhali ameishika mwenyewe ala iliyo msingi wa muziki huo.

Nilimwona kwanza katika televisheni, mjini Portsmouth, ambako baadhi yetu tuliotoka Unguja tulifikia. Nimeitafuta tarehe: wimbo wa "Can the Can" ulitolewa mwaka 1973, na mwezi wa Juni ukashika nafasi ya kwanza katika Uingereza, kwa hiyo yamkini ilikuwa jioni moja ya majira hayo, katika kipindi cha muziki cha Top of the Pops. Tarehe na ibaki pale ilipo. Nikumbukacho ni chumba kilichojaa vijana waliotoka zamu, chai ya maziwa imepoa mezani, na wanaume watatu warefu wenye misuli wakionekana katika kioo nyuma ya mwanamke ambaye kimo chake hakikuzidi sana futi 5, naye amebeba gitaa ambalo shingo yake ilimlazimu kuunyoosha mkono wa kushoto karibu wote ili azifikie noti za chini. Mwenzetu mmoja alisimama na kusema, "Jamani, ndiye anayepiga yule!" Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa sote tulikuwa tukitazama vidole.

Aliyenifundisha kusikiliza, mbali na kutazama, alikuwa mzee mwenye duka la santuri katika mtaa wa Fratton. Duka lile lilikuwa jembamba, na wakati wa baridi lilinuka jiko la mafuta ya taa, makoti ya sufu yaliyolowa mvua, majalada mapya ya karatasi ngumu, na tumbaku ya kiko alichokuwa akikizima kila aingiapo mwanamke na kukiwasha tena akisha kutoka. Katika ujana wake alikuwa mpigaji wa bendi ya wanamaji, na chombo chake kilikuwa besi ile kubwa ya kusimama, ipigwayo kwa upinde au kwa vidole. Nilipomweleza kwamba besi hiyo hiyo naijua tangu utotoni, kwa kuwa imo katika taarabu ya kikundi cha Akhwani Safaa huko Unguja, alistaajabu mno, akafunga duka kabla ya saa, akanihoji hata usiku kuhusu udi, kanuni na fidla, na jinsi besi inavyojiweka katikati ya vyombo hivyo bila ya kuvifunika. Tangu siku hiyo sikuwa mteja tena, nilikuwa mgeni wake.

Mzee huyo hakuuheshimu muziki wa vijana. Aliuza santuri zao kwa sababu ndizo zilizomlipia kodi ya duka. Lakini ulipotoka wimbo wa Suzi wa "48 Crash", alasiri moja aliniita nyuma ya kaunta, akaushika mkono wangu na kuukandamiza juu ya sanduku la spika, kwani alikuwa na imani kwamba besi hujulikana kwa kiganja kabla ya kujulikana kwa sikio. Akaniambia niuache uimbaji, niuache ukelele wa gitaa la juu, niifuate ile mitetemo ya chini tu. Kisha akanieleza jambo ambalo sijalisahau: kwamba kuimba na kupiga besi kwa pamoja ni kazi ngumu kupita kuimba na kupiga gitaa la kawaida, kwa sababu ulimi una mwendo wake na vidole vina mwendo mwingine, na mwenye kuziunganisha njia mbili hizo bila ya kuyumba ana saa mbili ndani ya kiwiliwili kimoja. Besi katika bendi ni kama mkuku katika jahazi, haionekani na abiria, lakini pasipo hiyo hapana safari. Na mwanamke yule, kwa rai ya mzee, alikuwa mkuku na nahodha kwa wakati mmoja.

Ustadi huo haukuanza katika Uingereza. Suzi Quatro alizaliwa Detroit, Marekani, tarehe 3 Juni 1950, katika nyumba ya muziki: baba yake, Art Quatro, alikuwa mwajiriwa wa General Motors na pia kiongozi wa bendi ya jazi, na binti alipiga ngoma za bongo na kujifunza piano angali mdogo. Mwaka 1964, dada yake Patti alipounda bendi ya wasichana watupu iliyoitwa The Pleasure Seekers, kila mmoja alijichagulia chombo, na kilichobaki bila ya mwenyewe kikawa besi. Baba akampa binti yake Fender Precision ya mwaka 1957, ambayo ni gitaa zito lenye shingo pana, lisiloundwa kwa ajili ya mikono midogo hata kidogo. Alijifundisha humo humo. Mtu aliyeianza besi kubwa angali mtoto hawezi kuambiwa baadaye kwamba ameishikishwa kwa pambo.

Mtayarishaji wa muziki Mickie Most alimwona huko Detroit. Kama Suzi mwenyewe alivyosimulia mara nyingi, kampuni nyingine ilitaka kumfanya Janis Joplin mpya, na Most akamwahidi kumfanya Suzi Quatro wa kwanza. Suzi akahamia London mwaka 1971, akaishi katika upweke, na wimbo wake wa kwanza haukufua dafu ila Ureno. Mwishoni mwa 1972 alizunguka na bendi za Slade na Thin Lizzy, yeye akiwa wa kufungua pazia. Kisha wakaja watunzi Nicky Chinn na Mike Chapman na tungo zao, na Februari 1974 "Devil Gate Drive" ukashika tena nafasi ya kwanza.

Insafu yanitaka niseme kwamba hakuwa mwanamke wa kwanza kuigusa besi. Carol Kaye alikwisha piga katika studio za Los Angeles nyimbo zisizohesabika ambazo dunia ilizicheza bila ya kujua jina lake. Jean Millington, mzaliwa wa Ufilipino, alikuwa na besi katika kundi la Fanny lililotoa albamu yake mwaka 1970. Na sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na Women Jazz ya Dar es Salaam, wanawake wenye magitaa na matarumbeta yao. Lakini Kaye alikuwa nyuma ya ukuta wa studio, na Fanny hawakupata kadiri ya haki yao. Suzi alisimama mbele, katika televisheni ya kila nyumba, na jina la bendi lilikuwa lake.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Suzi akaigiza katika tamthilia ya televisheni ya Happy Days huko kwao Marekani, akaimba na Chris Norman "Stumblin' In", wimbo mpole uliompa huko mafanikio ambayo roki haikumpa, akapanda jukwaani London mwaka 1986 katika mchezo wa muziki wa Annie Get Your Gun, akaolewa, akazaa, akaachana na Len Tuckey, mpiga gitaa wake, akatangaza redioni. Duka la mtaa wa Fratton lilifungwa, na jengo lenyewe halipo.

Matunda mengine ya Suzi wengi hawayajui. Tina Weymouth wa bendi ya Talking Heads, alipohimizwa ashike besi, alielekezwa kwenye albamu za Suzi Quatro. Mwanaroki Joan Jett hakuwahi kuficha kwamba alimfuata yeye. Leo msichana akiingia na besi mgongoni hapana anayegeuka kumtazama, na hilo ni jema. Baya ni kwamba wale wale waliozoea wanamuuliza Suzi, katika kila mahojiano, ni nani aliyemshonea nguo. Mwaka 2016 chuo kikuu cha Anglia Ruskin kilimpa udaktari wa heshima wa muziki. Mwaka 2021 alitoa The Devil in Me, albamu aliyoitunga pamoja na mwanawe, Richard Tuckey, ambaye ni mpiga gitaa. Besi ilibaki kwa mama.