Vidonda vya Tumbo

Baba yangu hakuwahi kuugua vidonda vya tumbo. Mimi ndiye niliyempa ugonjwa huo mwishoni mwa 2018, ndani ya matatu, tukitoka Kisumu kurudi Muhuru Bay. Daktari alikuwa ameniita kando: ni saratani ya umio, imeshasambaa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Baba akaniuliza wamesema nini. "Vidonda vya tumbo, baba. Utapona." Akatazama nje ya dirisha mpaka Migori, tulikobadilisha gari.

Uongo huo niliuita matumaini. Nikaiapisha nyumba nzima: mama asilie mbele yake, wageni wasinong'one, atakayetaja kansa atoke. Chupa ya mofini ya kunywa niliibandua karatasi, nikamwambia ni dawa ya asidi. Hilo linaniaibisha kuliko yote. Ugali ulipomshinda tulihamia uji; uji ulipoanza kurudi, tukahamia mchuzi wa samaki uliochujwa kwa kitambaa. Kila kikombe alichomaliza nilikishangilia kana kwamba nalea mtoto.

Yeye hakuhitaji shangwe zangu. Maisha yake yote alivua omena, usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukijaa omena hawaifuati taa, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu bila kuulaumu mwezi. Ndivyo alivyokaa miezi ile: akalipa deni la dukani, akagawa nyavu, akawatania akina mama waliokuwa wakianika omena ufuoni. Jioni moja akasema, "Mwanangu, twende nikakufungulie boma."

Kwetu Wajaluo, kijana hulala kwenye simba (si mnyama, ni kibanda chake ndani ya boma la babake) hadi siku ya kuhamia kwake. Siku hiyo baba hutangulia kumwonyesha mahali. Kuna jogoo, kuna shoka, mke amebeba moto. Baba akiwa amekufa, baba mdogo hushika nafasi yake. Nilikuwa na miaka 36, kifungua mimba, na wadogo zangu wawili hawangeweza kujenga kabla yangu. Nikamjibu, "Haraka ya nini, baba? Upone kwanza." Baada ya wiki mbili akarudia. Nikajibu vilevile. Kukubali kungekuwa kukiri.

Mapema 2019 redio ikasema Ken Okoth, mbunge wa Kibra, ametangaza kwa kinywa chake kwamba ana saratani ya utumbo mpana, hatua ya nne. Baba akaongeza sauti. "Huyo kijana amewaheshimu watu wake," akasema, huku akinitazama mimi, si redio. Nikaizima. Nikasema betri zinaisha.

Baba alifariki Juni, bila maneno mengi, kichwa chake mapajani mwa mama. Okoth alifuata tarehe 26 Julai, akiwa na miaka 41. Nilisikia habari hiyo kwenye redio ileile, na betri zilezile.

Mwaka uliofuata baba mdogo alinitangulia alfajiri, mimi na shoka, mke wangu na moto. Nilidhani angezunguka kutafuta mahali. Hakuzunguka. Alinyoosha moja kwa moja hadi chini ya mkuyu, akasimama.

"Mbona hapa, baba?"

"Babako alinileta hapa wiki ile mliyotoka Kisumu," akasema. "Aliniambia wewe utachelewa."