Viwakilishi vya Nafsi ya Pili na Utamu wa Futuhi ya Twelfth Night

Wasomaji wengi wa Twelfth Night huitafuta raha ya tamthilia hii katika msuko wake pekee. Viola anavunjikiwa na merikebu pwani ya Illyria, anavaa mavazi ya kiume na kujiita Cesario. Anampenda bwana wake, Mtawala Orsino, ilhali Orsino anamtuma kwa Olivia kupeleka posa, naye Olivia anampenda mjumbe. Hayo si magumu kuyafuata. Aliyesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, amekwisha kukutana na mwanamke aliyejivika uanaume. Wanafunzi wangu wa uzamili huwashauri jambo jingine: wasome kalamu mkononi, wapigie mstari kila thou na kila you.

Tamthilia hii ilipoonyeshwa mbele ya wanasheria wa Middle Temple, London, mwezi Februari 1602, Kiingereza kilikuwa bado na viwakilishi hivyo viwili. You, ambacho kwa asili ni cha wingi, kilitumiwa pia kwa mtu mmoja mwenye kuheshimiwa. Thou aliambiwa mtumishi, mtoto, mpenzi, hata Mungu. Na aliambiwa pia mtu anayetukanwa. Ndiyo maana Sir Toby, akimchochea Sir Andrew amwandikie Cesario barua ya kumtaka wapigane, anamshauri amwite thou mara tatu hivi. Msomaji asiyejua isimujamii ya wakati huo hupita hapo bila kucheka.

Lakini kilele, kwa maoni yangu, kimo katika onyesho la tano la sehemu ya kwanza. Olivia anazungumza na Cesario kirefu, anamdhihaki, anafunua uso wake, anamwuliza nasaba yake, na muda wote huo anashikilia you. Mjumbe anatoka. Olivia, akiwa peke yake, anaanza kuusifu ulimi wake, uso wake, viungo vyake, na mara kiwakilishi kimegeuka kuwa thou. Hajatamka bado kwamba anapenda. Sarufi imekwisha kumsaliti.

Je, Kiswahili kitalibebaje hilo? Kiambishi a- hakitaji jinsi, hivyo kosa wanalolitenda wahusika kila wasemapo he hupotea katika tafsiri. Hasara hiyo naikubali. Hii ya nafsi ya pili siikubali, kwani heshima yetu ina vibebeo vyake. Wewe tupu huweza kuwa mahaba au dharau. Adabu hukaa katika bwana, bibi, shikamoo. Basi Olivia na amwite mjumbe “bwana” kwa kila sentensi, na mlango ufungwapo, neno hilo lidondoke.

Orsino ni mgumu zaidi. Mwendo wake ni kinyume: katika onyesho la mwisho anamwita Viola kijana, kwa thou, na kumwomba mkono wake, anapomwachisha utumishi na kumposa, anapanda hadi you. Mtafsiri atashawishika kutia “bibi” hapo. Itakuwa mapema mno, maana Viola bado yumo katika mavazi ya kiume, na Orsino mwenyewe, katika maneno yake ya mwisho, bado anamwita Cesario.